Kumtumaini Mungu kwa Kipimo cha Siku Moja: Mwongozo wa Kukua Kiroho Katikati ya Shughuli

Waumini wengi hapa Kisumu wanamjua Mungu wa kesha na wa mkutano wa injili. Wanajua kumlilia mpaka sauti ikauke. Sina neno baya juu ya kesha. Wako waliookokea humo, na wako waliofunguliwa vifungo vya miaka mingi. Lakini kesha huisha alfajiri, na saa moja asubuhi mtu yuko Kondele anatafuta tuktuk, mfukoni ana nauli ya kwenda tu. Mwongozo huu ni wa saa hizo, tangu Jumatatu asubuhi hadi Jumamosi jioni, ambapo hakuna kinanda wala spika, na Mungu yuko vilevile.

Ninaamini kwamba Mungu hupenda kuja kwa upole, na kwamba anayetaka kukua hana budi kujifunza kumtegemea siku moja moja. Mtu anaweza kuimba kwamba amemwachia Yesu maisha yote, na bado asiweze kumwachia mchana wa leo. Tuanzie kwenye mchana wa leo.

Kwanza ujue unamwendea Mungu wa namna gani

Fungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka mlima Karmeli, ambako moto ulishuka mbele ya umati. Punde malkia Yezebeli anatuma ujumbe wa kumtisha, naye anakimbilia jangwani, anajilaza chini ya mti uitwao mretemu na kuomba afe. Soma taratibu uone alivyotendewa. Hakukemewa kwa kukosa imani. Malaika alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena, ndipo akapata nguvu za kwenda siku arobaini mpaka Horebu. Huko ukapita upepo wa kupasua milima, kisha tetemeko, kisha moto, na Bwana hakuwamo katika hivyo. Baada ya moto ikaja sauti ndogo ya utulivu.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tumelelewa na picha ya Mungu anayesubiri tukosee. Ukiwa na picha hiyo, utamwogopa, na ni vigumu kumtumaini unayemwogopa. Yesu alijieleza mwenyewe katika Mathayo 11: "mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo." Hakusema hivyo kwa watakatifu waliokamilika, alikuwa akiwaita wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo. Mkulima yeyote wa Vihiga au Kakamega anajua kwamba mvua ya mawe hulaza mahindi chini, na manyunyu ya usiku kucha ndiyo yanayofika kwenye mizizi. Mungu anaweza vyote viwili. Ila kinachokuza ni yale manyunyu.

Hatua ya kwanza: omba ya leo

Katika Kutoka 16, Waisraeli walipewa mana ya kutosha siku moja. Waliobakiza hadi asubuhi waliikuta imeingia mabuu na inanuka. Mungu angeweza kujaza maghala mara moja, lakini alitaka watoke nje kila asubuhi na kuikuta iko pale tena. Yesu naye alipofundisha kuomba alisema, "Utupe leo riziki yetu."

Kwa hiyo kila asubuhi jiulize: leo, kabla ya jua kuchwa, nahitaji nini hasa? Jibu liwe dogo na dhahiri. "Nahitaji uvumilivu na mama mkwe." "Nahitaji ujasiri wa kuongea na mwenye nyumba juu ya kodi." "Nahitaji nguvu za mgongo, mzigo wa leo ni mkubwa." Ukiomba kwa mafungu makubwa tu, ubarikiwe na uinuliwe na ufunguliwe milango, jioni huwezi kujua kama ulijibiwa, na moyo usioona majibu huchoka kuomba.

Niseme hapa kwamba kuweka akiba si kukosa imani. Siku ya sita watu wale wale waliagizwa waokote maradufu kwa ajili ya Sabato, na haikuoza. Endelea na chama chako na akiba yako. Kinachooza ni wasiwasi uliolimbikizwa.

Hatua ya pili: dakika kumi kabla ya simu

Tafuta dakika kumi. Saa moja ni njema, lakini anayeanza na saa moja mara nyingi hafiki Alhamisi. Kama mnaishi chumba kimoja Nyalenda au Manyatta na watoto wamelala chini, usingoje kupata chumba cha maombi. Kaa ukingoni mwa kitanda, au toka ukae mlangoni kabla foleni ya bafu la ploti haijaanza. Askari wa usiku anaweza kuzitumia akitoka zamu. Muuguzi anaweza kuzipata garini, macho yamefumbwa. Muhimu ni pawe mahali palepale na saa ileile, ili mwili wenyewe uzoee na usidai kushawishiwa kila siku.

Simu iache mbali na mkono, data ikiwa imezimwa. Ukisoma Biblia kwenye simu, pakua maandiko mapema ili usilazimike kuwasha data. Ujumbe wa kikundi cha ukoo ukishaingia, dakika kumi zimekwisha.

Kisha fanya hivi. Vuta pumzi polepole mara chache. Sema, "Bwana, niko hapa, nawe uko hapa." Soma kifungu kifupi kwa sauti ya chini, mara mbili. Anza na Zaburi ya 131, yenye aya tatu tu. Mwimbaji anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Kaa na picha hiyo. Mtoto anayenyonya akipakatwa hutafuta ziwa, na asipolipata analia. Aliyeachishwa anakuja kifuani bila kutaka chochote. Ametaka mama tu. Mara ngapi tumekwenda kwa Mungu bila kutafuta kitu mkononi mwake? Huko ndiko zaburi hii inakotupeleka, na ndiyo maana naipendekeza kwa anayeanza.

Baada ya kusoma, nyamaza kwa dakika tatu au nne. Mawazo yatazurura: unga umeisha, jirani amefungulia redio, jogoo wa mtu hanyamazi. Usijigombeze. Sema tena, "Niko hapa," urudi. Kule kurudi ndiko maombi yenyewe. Ukirudi mara ishirini, umemchagua Mungu mara ishirini kabla ya chai.

Malizia kwa kutaja hitaji lako la leo, kisha inuka uwashe jiko.

Hatua ya tatu: wasiwasi mmoja, kurasa mbili

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hapa ndipo kutumaini kunapoacha kuwa neno la wimbo.

Petro anaandika tumtwike Mungu fadhaa zetu zote, "kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Shida ni kwamba wengi tunamtwika tukiwa magotini, tukisimama tunajitwika tena. Dawa iliyosaidia wengi ninaowajua ni daftari la kawaida la shule. Lifungue kurasa mbili zikitazamana. Juu ya ukurasa wa kushoto andika "Yangu leo." Juu ya wa kulia andika "Ya Mungu." Chagua wasiwasi mmoja tu, ule ulioamka nao.

Tuchukue mama anayeuza nyanya na sukuma wiki soko la Kibuye. Binti yake yuko sekondari, karo ina salio, na shule imesema Ijumaa wasiolipa watarudi nyumbani. Kushoto anaandika yale ambayo mikono yake inaweza kufanya leo: kumpigia simu mwalimu wa darasa, kumwomba mwalimu mkuu amruhusu kulipa kidogo kidogo, kuulizia fomu ya basari, kumkumbusha mteja aliyechukua bidhaa kwa mkopo. Kulia anaandika yasiyo mikononi mwake: moyo wa mwalimu mkuu, wateja watakaopita leo, binti asivunjike moyo, Ijumaa yenyewe.

Sasa anaweka kiganja juu ya ukurasa wa kulia na kuyataja yale mambo mbele za Mungu, moja moja, kwa majina. Halafu anafunga daftari na kuanza na jambo la kwanza la kushoto. Saa nane mchana, jua kali, biashara imelala, hofu ya Ijumaa inarudi. Anajiambia, "Hilo liko kulia." Ikirudi tena, anarudia. Mambo matatu hutokea mtu anapofanya hivi kwa majuma kadhaa. Anagundua kwamba ukurasa wa kulia ni mrefu kuliko alivyodhani, na kwamba alikuwa ameubeba peke yake. Anagundua kwamba ukurasa wa kushoto una kazi alizokuwa anazikwepa akisema anamngojea Bwana. Na akirudi kuzisoma kurasa za nyuma anaona mambo ambayo yalipita, mengine kwa njia asiyoiwaza, na anapata ushuhuda wake mwenyewe badala ya kuazima wa mhubiri.

Sitakuambia kila kilicho kulia kitakuwa kama ulivyotaka. Binti anaweza kurudishwa nyumbani Ijumaa. Hapo mama anafungua ukurasa mpya Jumamosi, na Mungu aliyekuwa naye Alhamisi yuko naye bado. Kumtumaini Mungu ni kumtumaini yeye, hata matokeo yakichelewa.

Yako maonyo mawili ambayo siwezi kuyaruka. Ukiambiwa Mungu atakusikia ukituma kwanza pesa kwa namba fulani, achana na mtu huyo. Sadaka ni shukrani, haimnunui Mungu. La pili: kumtumaini Mungu si kuacha dawa. Katika 2 Wafalme 20, Mungu alimwahidi mfalme Hezekia kwamba atamponya, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Mwenye presha, kisukari au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi ameze dawa zake na kuomba, vyote viwili. Na ukiona usingizi umepotea majuma, chakula hakiliki, au unawaza kufa kama alivyowaza Eliya, mwambie mtu leo na uende kituo cha afya. Eliya alipewa chakula na usingizi kwanza, maneno yakaja baadaye.

Hatua ya nne: sala fupi za njiani

Asubuhi umekaa na Mungu, lakini mchana unakumeza. Hapa chagua mstari mmoja wa kwenda nao. Mzuri kwa kuanzia ni huu: ukivuta pumzi, "Bwana ndiye mchungaji wangu", ukiitoa, "sitapungukiwa na kitu." Ufunge mstari huo kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kukosa. Mwendeshaji boda anapofunga kamba ya helmeti. Mwalimu anapofuta ubao. Karani kabla ya kupokea simu. Mpishi wa hoteli akisubiri mafuta yapate moto.

Mama wa Kibuye anapopanga mafungu ya nyanya, nne chini na moja juu, anaweza kulipa kila fungu jina la mtu wa kumwombea: hili la mume wangu, hili la binti, hili la yule jirani tuliyekosana. Mteja akinunua fungu la jirani, anapanga jingine na kumwombea tena. Anayepita ataona nyanya tu.

Usilazimishe hisia katika sala hizi. Siku nyingine utasikia joto la amani, siku nyingine hutasikia kitu. Mungu hayuko zaidi siku ya kwanza kuliko ya pili.

Hatua ya tano: dhoruba inapoinuka

Bahari ya Galilaya ni ziwa, tena dogo: urefu wake ni kama kilomita 21 na upana 13. Limo kwenye bonde lililo chini ya usawa wa bahari, na pepo zikishuka kutoka vilimani hulivuruga ghafla. Wavuvi wa omena wanaotoka Dunga usiku na taa zao hawahitaji kufafanuliwa Marko 4, ambapo Yesu na wanafunzi wake wanapigwa na dhoruba ziwani humo. Wanajua ziwa linavyobadilika kabla mtu hajageuza mtumbwi. Marko anasema Yesu alikuwa katika shetri, nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Wanafunzi wakamwamsha: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?"

Sala hiyo haikuwa na adabu, lakini ilipokelewa. Aliamka, akaukemea upepo kwanza, ndipo akawauliza juu ya imani yao. Kwa hiyo habari mbaya ikikufikia, kazi imekatika, majibu ya hospitali yamekuja, simu ya usiku imelia, usitafute maneno mazuri. Tumia Zaburi ya 13, yenye aya sita, inayoanza kwa kumuuliza Bwana ni hata lini atanisahau. Isome kwa sauti, hata kwa machozi. Ukishindwa kufika aya ya mwisho, ile ya kumwimbia Bwana, ishia ulipofika. Kesho utafika mbele kidogo. Anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye.

Siku ya dhoruba punguza mambo: kunywa maji, kula kitu, mwite mtu mmoja aje akae nawe. Maamuzi makubwa kama kuuza shamba au kuacha ndoa yangoje.

Hatua ya sita: pitia siku kabla ya kulala

Zoezi hili ni la kale. Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki, wamelitumia tangu karne ya 16, na Mkristo wa kanisa lolote anaweza kulifanya. Taa ikizimwa, rudisha mchana wako kuanzia asubuhi. Ni wapi leo ulihisi Mungu karibu? Labda ni konda aliyekurudishia chenji uliyoisahau, au mtoto aliyecheka. Shukuru kwa hilo moja. Ni wapi ulimpa kisogo? Taja, omba msamaha, na kama kuna mtu wa kuombwa radhi kesho, mwandike ukurasa wa kushoto. Kisha Maombolezo 3: rehema zake "ni mpya kila siku asubuhi." Lala. Usingizi nao ni kumwachia Mungu ulimwengu kwa saa saba.

Hatua ya saba: usitembee peke yako

Wakatoliki mnazo jumuiya ndogo ndogo, wengine mna ushirika wa nyumbani. Ombeni jambo moja humo: dakika tano za kimya kabla ya nyimbo. Zitaonekana ndefu mwanzoni, mtu atakohoa, mwingine atataka kuanzisha pambio. Vumilieni. Magharibi ya Kenya kimya hiki si kigeni. Wamisionari watatu wa Quaker, yaani kanisa la Marafiki, kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na mapokeo yao yana mizizi katika kumngojea Mungu kwa kunyamaza. Leo ibada zao huku kwetu zimejaa nyimbo na mahubiri, na ni vyema, lakini urithi wa kungojea upo, unaweza kuchukuliwa na yeyote.

Pata pia mtu mmoja wa kumwonyesha daftari, mwenye umri na anayetunza siri, asiyegeuza mambo yako kuwa ombi la hadharani.

Utajuaje kama unakua?

Usipime kwa machozi wala kwa ndoto. Pima kwa watu wa nyumbani. Je, hasira inapoa mapema kuliko mwaka jana? Unaweza kusema "sijui" bila kutetemeka? Jirani akijengewa nyumba ya mawe, unaweza kufurahi naye? Paulo aliorodhesha tunda la Roho katika Wagalatia 5, na humo mna uvumilivu, utu wema na upole. Aliye karibu na Mungu mpole huanza kuwa mpole, na watoto wake ndio watakaoona kwanza.

Utakuja ukavu pia, majuma ambayo Neno halina ladha. Endelea na dakika kumi zilezile, usiongeze wala kupunguza. Angalia kama umechoka tu, au kuna dhambi unayoificha. Kama hakuna, kaa. Mti wa Zaburi ya 1 huzaa kwa majira yake.

Juma la kwanza

Jumatatu, Zaburi ya 131. Jumanne, Kutoka 16:13–21, ukiandika hitaji la leo. Jumatano, 1 Wafalme 19:1–8. Kula chakula cha mchana bila simu. Alhamisi, 1 Petro 5:6–7, na ufungue daftari kwa mara ya kwanza. Ijumaa, Marko 4:35–41. Jumamosi, Maombolezo 3:19–26. Tafuta nusu saa, ukiweza karibu na maji au chini ya mti. Jumapili usiongeze somo jingine. Chukua lile litakalosomwa kanisani, na ukitoka mwulize mwenzako alisikia nini ndani yake. Juma la pili rudia masomo yaleyale, kwa sababu mara ya kwanza ulikuwa unayafahamu tu.